Punje ya Kumi

Kila asubuhi hapa Bweri, mjini Musoma, kabla chai haijachemka, mjukuu wangu Nyangeta hutoka uani na kopo la bati lenye mahindi, akalitikisa kuita kuku. Chaka-chaka, chaka-chaka. Kuku huja mbio kutoka chini ya mipapai, kutoka kwa jirani, kutoka kwenye msingi wa nyumba ambayo mwanangu ameanza kujenga na hajui ataimaliza lini. Ni mlio mdogo, mwepesi, na ukipita mtaa huu saa hiyo utausikia karibu kila nyumba. Mimi nauchukia. Nimeuchukia tangu nikiwa darasa la saba, nimezeeka nao, na watu wa nyumbani wanadhani ni ukali wa uzee tu.

"Sasa babu, kuku niwaiteje?" Nyangeta aliniuliza siku moja nilipomfokea. "Niwapigie simu?"

Nilicheka, nikamwacha. Lakini mwezi uliopita msichana huyu huyu aliniletea kitu kingine, na safari hiyo sikucheka.

Alikuwa mezani na daftari lake la Kiingereza. Yuko kidato cha tatu. Walikuwa wamesomeshwa habari ya ndege waharibifu, wale kwelea kwelea wanaoshuka kwenye mtama kama wingu, na ndani yake kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba ndege hao "decimated" mashamba ya watu. Pembeni alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa duara: decimate, kuharibu vibaya sana.

Nikamwuliza nani amemwambia hivyo.

"Mwalimu. Na simu nayo inasema hivyo hivyo."

"Siyo hivyo."

"Ni hivyo, babu. Kuharibu. Kuteketeza. Kuangamiza." Alihesabu kwa vidole kama anayemfundisha mtoto. "Ni neno tu."

Nilipiga meza. Kikombe kilianguka, chai ikatambaa mpaka kwenye daftari, na binti yule akanitazama kwa macho ambayo sipendi kuyakumbuka. Tangu niwe mtu mzima sijampiga mtoto yeyote, yeye wala baba yake, na sababu mtaiona. Lakini asubuhi ile niliipiga meza kama mtu aliyekuwa anatafuta cha kupiga. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwangu yalikuja na daftari.

Basi ninyi mnaosoma, nawaambia jambo ambalo mke wangu alizikwa bila kulisikia.

Jina langu ni Magesa, Mzanaki wa Butiama. Shule yetu ilikuwa na kuta za udongo na paa la nyasi lililokuwa likivuja mahali pale pale kila masika, juu ya dawati la tatu. Darasa la saba tulikuwa wavulana thelathini. Wasichana walikuwepo mwanzoni, wakaolewa mmoja baada ya mwingine, hadi tulipofika mwaka wa mwisho hakubaki hata mmoja wa kutucheka.

Rafiki yangu alikuwa Wambura. Neno rafiki halitoshi, lakini sina jingine la Kiswahili. Wambura na mimi tulitahiriwa msimu mmoja, asubuhi moja, kwa kisu kimoja. Kwetu watu wa namna hiyo ni rika, na damu yao imeshachanganyika pale chini. Huwezi kumwinulia mwenzako fimbo, kama ambavyo huwezi kuipiga tumbo lako mwenyewe. Yeye alisimama mbele yangu kwenye foleni. Nilikuwa natetemeka, na ukitetemeka mbele ya kisu ukoo wako wote unaaibika. Bila kugeuka akaniambia kwa sauti ya chini, "Tazama kisogo changu tu." Nikakitazama. Kilikuwa na kovu dogo la kuangukia jiwe. Yeye hakupepesa macho, na mimi sikupepesa, na siku ile baba yangu alicheza ngoma hadi kofia ikapotea.

Sasa mwalimu. Tulimwita Tai, kwa sababu alivaa tai nyekundu hata siku za kupalilia. Alitoka mbali, hakujua neno la Kizanaki, na alikuja na sanduku moja la mbao. Ndani yake, chini ya mashati mawili, mlikuwa na kamusi nene ya Kiingereza aliyoifunga kwa kanga kuukuu kama mtoto mchanga. Hakuna aliyeigusa bila kunawa. Tai alikuwa akisema kila neno ni kaburi: ukilichimba utakuta mifupa, na ukishaiona mifupa hutalisahau neno. Nilimpenda. Ingekuwa rahisi kwangu leo kusema alikuwa shetani tangu siku ya kwanza, lakini nilimpenda, na mimi ndiye niliyembebea kamusi.

Siku aliyotufundisha neno lile mvua ilikuwa inanyesha, na wale wa dawati la tatu walikuwa wamebanana nasi. Akaandika ubaoni decem. Ni kumi, alisema, kwa lugha ya Warumi wa kale. Kikosi cha askari wao kilipokimbia vita, jemadari hakuwaua wote, maana angebaki na nani? Aliwapanga kumi kumi. Kila kumi walipiga kura. Aliyeangukiwa na kura aliuawa, na hakuuawa na jemadari. Waliomuua ni wale tisa, wenzake wa hema moja na chungu kimoja, kwa marungu na mawe. Haikujalisha kama yeye ndiye aliyekimbia au ndiye aliyesimama imara. Na tisa waliobaki walinyimwa ngano, wakapewa shayiri, chakula cha farasi, ili tumbo liwakumbushe.

"Kwa hiyo," alisema Tai akipangusa chaki kwenye suruali, "mtu akiwaambia decimate ni kuharibu, mwambieni ni sawa, lakini aulize nani alishika rungu."

Wambura akanyoosha mkono. Alikuwa na mwandiko mbaya na hesabu nzuri kuliko sisi wote, na tabia ya kuuliza swali ambalo halimo kwenye somo.

"Mwalimu, na kama wale tisa wakikataa?"

Darasa likacheka. Tai naye akatabasamu. "Hawakukataa."

"Hata mmoja?"

"Kaa chini, Wambura."

Akakaa. Alinigonga kwa kiwiko, akaninong'oneza, "Warumi walikuwa wajinga. Wao tisa, jemadari mmoja."

Miezi ilipita. Tukavuna pamba ya shamba la shule, ikajaa ghala la nyasi lililokuwa nyuma ya ofisi, ikisubiri lori la kuipeleka Bunda kiwandani. Pamba ile ndiyo ilikuwa igeuke mabati ya darasa letu. Tai mwenyewe aliwaahidi wazazi mkutanoni, na alipalilia pamoja nasi, na tai yake imerushwa begani.

Baada ya kuvuna ilikuwa lazima kung'oa mashina yote ya pamba na kuyachoma, ndivyo sheria ilivyotaka, wadudu wasivuke kwenda msimu mwingine. Siku ya kuchoma nilikuwa na viazi vitamu viwili kwenye mifuko ya kaptula. Nilikuwa na njaa. Sitaki kuipamba hadithi: sikutumwa, sikushawishiwa, nilikuwa na njaa, na kuchoma viazi kulikatazwa. Wenzangu walipokwenda kunawa kisimani nilichota makaa kwa kigae, nikayapeleka nyuma ya ghala mahali ambapo mwalimu asingeniona, nikachochea vijiti vya pamba, nikafukia viazi vyangu. Vilipoiva nilirushia udongo kidogo, nikaondoka.

Wambura alinikuta njiani, nikampa kimoja.

"Umechoma wapi?"

"Nyuma ya ghala."

"We mura, una wazimu," alisema, kwa neno letu la kijana aliyetahiriwa. Lakini alishakimenya. "Umezima?"

"Nimefukia."

Akala. Alikuwa analamba vidole tulipouona moshi.

Pamba haiungui kama nyasi. Nyasi za paa ziliwaka zikaisha kabla hatujafika na ndoo ya kwanza. Pamba yenyewe iliungua kimya kimya, kwa ndani, siku mbili nzima. Unamwaga maji juu panalowa, unageuka, moshi unatokea ubavuni. Harufu yake ilikuwa kama ya nywele zilizopakwa mafuta zikaungua, na iliingia kwenye ugali, kwenye blanketi, kwenye mate. Nilimwona Tai ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, masizi usoni, tai haipo shingoni. Alikuwa analia, na hakujificha.

Siku ya tatu asubuhi mwalimu mkuu alikuwa amekwenda Musoma kupeleka habari. Tai akatupanga uwanjani. Akauliza nani. Kimya. Akasema aliyefanya hivi jina lake litakatwa kwenye orodha ya mtihani, na mtihani ulikuwa umebaki wiki tano. Kimya. Mtihani ule ndio ulikuwa mlango pekee wa sekondari. Kwa nyumba kama zetu hapakuwa na dirisha. Wambura alikuwa nyuma yangu na hakutamka kitu, kwa sababu hakuna anayemtoa mwenzake wa rika. Kazi ya kusema ilikuwa yangu peke yangu.

"Vizuri," alisema Tai. "Kuna neno niliwafundisha."

Akaingia ofisini, akatoka na makopo matatu ya bati. Kila kopo lilikuwa na punje kumi za mahindi, tisa nyeupe na moja nyekundu. Ile nyekundu alikuwa ameiloweka kwenye wino wa kusahihishia tangu jana yake, ilikuwa imevimba. Maana yake alilala na wazo lile na aliamka nalo. Ndilo jambo ambalo sijaweza kumsamehe. Hasira ya ghafla naielewa, lakini punje hailoweki kwa dakika moja.

Akatugawa kumi kumi. Akavua tai yake, na kwa tai hiyo akamfunga macho kila aliyefika mbele. Unafungwa, anatikisa kopo, chaka-chaka, unaingiza mkono, unatoa punje moja, unafunguliwa. Wanane wa kumi letu walitoa nyeupe. Nikafika mimi, nyuma yangu Wambura. Zilikuwa zimebaki punje mbili.

Kitambaa cha ile tai kilinuka chaki na moshi. Nikaingiza mkono. Kidole kiligusa punje ya kwanza, nayo ilikuwa laini, imevimba, ina ubaridi, inanata kidogo. Nikajua. Sitasema sikujua. Nilikaa na kidole juu yake, nadhani kwa muda wa kuvuta pumzi mara moja, halafu nikaisukuma pembeni, nikachukua ile ngumu, kavu.

Mkono wangu ulitoka koponi kabla macho hayajafunguliwa. Tai aliponifungua nilikiona kidole changu cha shahada, chekundu. Nikafumba ngumi, nikaipeleka nyuma, nikakipangusa kwenye kaptula. Sijui kama wanane walionitangulia nao waliigusa. Labda waliigusa, wakaiacha. Vidole vyao sikuvitazama. Nilikuwa na kazi na changu.

Wambura hakuwa na cha kuchagua. Hakufungwa hata macho.

Fimbo zilikuwa mashina yale yale ya pamba yaliyosalia bila kuchomwa, makavu, yenye vinundu. Kila mmoja viboko vitatu, Tai alisema, na atakayepiga kwa huruma atalala mahali pake. Wale watatu wakalazwa kifudifudi, mmoja kwa kila kumi. Mwenzetu mmoja, jina lake limenitoka, alisema kwa sauti, "Mwalimu, huyu ni rika langu, siwezi." Akapewa viboko sita yeye, kisha akapewa fimbo tena, akapiga. Hapo ndipo nilipokumbuka swali la Wambura.

Nilikuwa wa nne. Nilisimama nyuma yake, yeye kalala chini na mkono wa kulia ameuweka kisogoni kujikinga, kwa sababu mmoja alikuwa amekosea shabaha. Tai alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Nilitetemeka. Na Wambura, kinywa chake kikiwa kwenye vumbi, akasema kwa Kizanaki, ili mwalimu asielewe, "Tazama kisogo changu tu, Magesa."

Nikakitazama. Nikapiga. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilikuwa na deni la siri, na mwenye siri hupiga kuliko wote ili asionekane. Kiboko cha pili kiliangukia mkono. Wengine walisema walisikia mfupa. Mimi sikusikia kitu. Nikapiga cha tatu.

Mchana tulipewa chakula kama kawaida. Wale Warumi tisa walipewa shayiri ya farasi. Sisi tulipewa makande, na mimi niliongeza.

Mwalimu mkuu aliporudi kesho yake, na wazee wakaja juu, Tai akaondoka na sanduku lake kabla ya wiki kwisha. Hakuna aliyemshitaki. Alihamishwa, tukaambiwa, na nadhani huko alikohamia walimpa ubao mwingine na chaki nyingine. Kwa miaka mingi nilimtupia lawama zote, na alistahili nyingi. Lakini yeye alishika kopo. Aliyeisukuma ile punje ni mimi.

Mkono wa Wambura ulifungwa na mzee wa kuunga mifupa, ukaunga vibaya: vidole viwili vikalala juu ya vingine, na kiganja hakikufunguka tena chote. Kabla ya mtihani wazee wakadai mbuzi. Rika kumwaga damu ya rika ni uchafu wa kijiji kizima, mvua huweza kuzuiliwa. Wazazi wetu sisi tisa wakatoa mbuzi mmoja, akachinjwa nje ya zizi la kina Wambura, na kila mmoja wetu alitakiwa kung'ata kipande cha ini na kumpa Wambura amalizie. Kabla ya kung'ata, mzee aliuliza kila mmoja, "Kuna kilichobaki chunguni?" Ndiyo desturi. Ukiwa na jambo ulilolificha, unalitoa pale, mbele ya watu, na hakuna atakayekugusa, maana mbuzi ameshalala. Hakuna mahali salama zaidi pa kusema ukweli duniani. Nilijua hivyo. Nikafikiria orodha ya mtihani.

"Hakuna," nikasema. Nikang'ata ini, nikampa. Alinitazama, akalipokea kwa mkono wa kushoto, akatafuna polepole sana.

Mtihani Wambura aliufanya kwa mkono wa kushoto. Mnajua wenyewe mtu aliyeandika kwa kulia miaka saba anaweza kuandika nini kwa kushoto baada ya wiki chache. Mtoto mwenye hesabu nzuri kuliko sisi sote hakumaliza nusu ya maswali. Mimi nikachaguliwa sekondari, Musoma mjini. Nikamaliza kidato cha nne, nikapata ukarani, na nicheke au nilie sijui, nikapangiwa Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, mizani. Miaka thelathini nimenusa pamba. Mkono wangu wa kulia ulishika kalamu miaka yote hiyo bila kuumwa hata siku moja.

Tulikutana misibani na harusini. Alinitania, "Karani, umenenepa," nikamtania, "Ng'ombe wako ndio wamekonda." Hatukuligusa.

Sasa mnielewe nilivyopiga meza. Neno tu.

Juma lile lile nilikwenda Bunda mnadani, nikanunua beberu mweupe mwenye doa jeusi shingoni, nikapanda naye gari la mizigo hadi Butiama, na kutoka pale bodaboda, beberu mapajani mwangu, ananitafuna kola ya shati. Dereva aliniuliza kama nakwenda kuoa.

Wambura alikuwa nje kwake, kati ya mawe makubwa ya huko kwetu, anasokota kamba ya ng'ombe. Anaibana kwa magoti, anaivuta kwa mkono wa kushoto, anaikaza kwa vile vidole vyake vya kulia vilivyopanda juu ya vingine kama watoto kitandani. Hakusimama.

"Karibu, karani. Huyo mbuzi ana kesi gani?"

Nikamwambia kesi. Nilisimama, sikukaa, nimeshika kamba ya mbuzi, nikasema yote kwa mfululizo: viazi, makaa, kopo, ile punje laini, nilivyoisukuma. Mke wake alitoka na kigoda, akanisikia, akarudi ndani nacho. Wambura alikuwa anasokota tu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kidole chako kilikuwa chekundu mpaka hapa." Akagusa kiungo cha pili cha kidole chake cha shahada.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwaga nyuma yako, mura. Wewe ndiye uliyefungwa macho, siyo mimi."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Hapo ndipo alipokasirika. Sikuwa nimewahi kumwona Wambura amekasirika, hata siku ile chini ya fimbo. Aliitupa kamba, akasimama, mate yakamtoka.

"Mimi niseme? Mimi? Nilikuwa nangoja useme wewe! Nimelala pale kwenye vumbi nasema, sasa hivi atasema. Siku ya mbuzi nikasema, leo wazee wakiuliza atasema. Umeenda sekondari nikasema, akirudi likizo atasema. Ukarudi na viatu!" Alivuta pumzi. "Ukanionyesha viatu, Magesa. Ukaniambia nivipime."

Nilikuwa nimesahau. Nikakumbuka pale pale, hata rangi yake.

Mbuzi akaanza kula ile kamba mpya. Wambura akamwondoa kwa mguu, bila kumwumiza. Nikamwambia, tumchinje, wazee wawili watatu waitwe, niulizwe tena lile swali, nijibu safari hii inavyotakiwa.

"Mrudishe."

"Wambura..."

"Mrudishe, nimesema. Wewe unataka tule leo, ulale usingizi leo. Mimi nimengoja tangu darasa la saba. Na wewe ngoja kidogo."

Mke wake alileta uji, wa kwangu pia. Tulikunywa. Wambura alinisindikiza mpaka njiani, maana mgeni husindikizwa hata kama amekuudhi, na akanichagulia bodaboda ya kijana anayeendesha taratibu, kwa ajili ya mbuzi, alisema.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia Nyangeta kila kitu kama nilivyowasimulia ninyi. Akauliza kama mwanafunzi, "Na nikiandika hivyo, mwalimu ataniwekea vema?" Nikamwambia hapana, atakukosesha, acha kama lilivyo. Akaacha. Lakini jana nililifungua daftari, na chini ya "kuharibu vibaya sana," juu ya doa la chai, ameandika kwa herufi ndogo: uliza nani alishika rungu.

Zamani nikitaka kujifariji nilikuwa nasema hata wale tisa waliharibiwa. Nilikuwa naona ni maneno ya busara. Ni uongo. Mimi sikuharibiwa. Nilisoma, nilioa, nilipata pensheni, nimejenga Bweri. Kilichoniuma chote miaka hii kingeweza kuisha kwa sentensi moja, mbele ya wazee, na ini mkononi, na sikuitamka kwa sababu hali yangu ilikuwa nzuri. Mtoto wa darasa la saba alidhani aliiacha punje ili aokoke siku moja. Hakujua kwamba alikuwa anaiacha kila siku iliyofuata, akijua kabisa ilipo, akichagua ile kavu.

Beberu yupo. Amefungwa chini ya mpapai, amenenepa, jirani wananiuliza tunamla lini, na mimi nasema sijapewa siku. Simu ikilia naitazama haraka. Bado siyo Wambura. Asubuhi Nyangeta akitikisa kopo, chaka-chaka, beberu naye huja pamoja na kuku, ameshauzoea mlio. Nimemwambia binti asiache kulitikisa. Nachota punje mwenyewe, nafungua kiganja, mbuzi analamba mpaka zinaisha, nami nabaki nimekifungua.